Pareto inayovumilia barafu: shina mama unalichaguaje?

Mmalila_Juu

Wakuu habari za jioni, wazee wangu shikamooni. Niko Umalila huku juu kabisa upande wa Ilembo, tumeachiwa na bibi shamba la pareto la zamani sana, mchanganyiko mtupu, hakuna anayejua mbegu ilitoka wapi. Kuna mashina marefu, kuna mafupi yaliyojibana chini, kuna yanayotoa maua mengi madogo na mengine machache makubwa, basi tu yamo.

Mwaka huu mwezi wa saba barafu imetupiga haswa, asubuhi ukipita shambani nyasi zinavunjika chini ya buti, viazi vya jirani vimeungua vyote vimekuwa vyeusi mpaka shina. Pareto nayo imeumia ila sio sawasawa. Unakuta shina limeungua ncha zote na vitumba vimekuwa kahawia, ukivunja kitumba katikati ni cheusi, halafu hatua moja pembeni lingine limekaa kijani halina habari. Nikajisemea hapa kuna kitu.

Nataka mvua zikianza mwezi wa 11 nipanue ekari moja, na sitaki miche ya kubahatisha, nataka nitoe humu humu kwenye yale yaliyovumilia. Sasa naomba kujua, shina kubaki kijani baada ya barafu inatosha kulifanya mama? Nichukue mbegu au nipasue vipando? Na hayo magumu ndo yenye sumu, ile ya kuulia wadudu tunayolipiwa kiwandani, au linaweza kuwa gumu halafu likipimwa kiwandani halina kitu? Jirani anasema chukua lenye maua makubwa umemaliza, ila mimi moyo unasita.

Mama wa Matamba

Marahaba mwanangu. Moyo wako umesita vizuri, achana na habari ya maua makubwa kwanza.

Kabla hujaliangalia shina angalia limesimama wapi. Usiku wa mbingu nyeupe bila wingu wala upepo baridi inatelemka, inakwenda kulala bondeni, kwaiyo sehemu ya chini ya shamba lako imekula barafu kuliko ya juu hata kama ni shamba moja na tofauti ni hatua hamsini. Afu kuna shina limekaa karibu na jiwe kubwa, jiwe limekunywa jua mchana kutwa usiku linarudisha joto, shina limepona. Lingine liko chini ya mti au kwenye kivuli cha ua wa mabua. Hilo halijavumilia chochote, limebahatika. Ukilipasua ukalipeleka mahali pa wazi mwakani linaungua na wenzake na wewe unabaki unashangaa.

Kwaiyo fanya hivi, ligawe shamba vipande vipande kwa macho, vigingi vinatosha, kila kipande kiwe kidogo kiasi kwamba udongo wake na mteremko wake ni mmoja. Ndani ya kipande linganisha mashina na majirani zake wa palepale, chukua yaliyozidi wenzake katika kipande hicho, usilinganishe la juu na la bondeni. Na kile kipande cha chini ambako karibu kila kitu kimeungua usikikatie tamaa, shina zuri lililobaki kule lina thamani kuliko kumi za huku juu.

Jambo la pili ambalo watu wengi hawaliangalii. Hilo shina la kijani, lilikuwa na vitumba wakati barafu inapiga? Maana majani ya pareto yenyewe ni magumu, kinachoungua hasa ni vitumba na vile vikonyo laini vinavyopanda. Shina ambalo lilikuwa bado majani matupu halina cha kuungua! Litaonekana kijani kumbe ni la kuchelewa tu, au ni lile ambalo halizai kabisa, mashamba ya zamani yamejaa hayo, majani mengi ya kupendeza maua matatu. Ukilipanua hilo umepanua kichaka. Kwaiyo shuka chini, yafungue majani kwa mikono, utafute vikonyo. Kama kuna vikonyo vyenye vitumba na havijaungua, hapo ndio ufunge kamba.

Mama wa Matamba

Naendelea maana nimeminya kabla sijamaliza. Nimesema funga kamba, sijasema ng'oa. Mimi nafunga kamba ya rangi moja baada ya barafu, halafu mwezi wa 10 mwishoni wakati ardhi imekauka mpaka imepasuka napita tena, yale yenye kamba ambayo bado yamesimama na jua naongeza ya rangi nyingine. Mengi yanaanguka hapo, utaona. Maana huku kwetu baridi na ukame vinafuatana, barafu Juni Julai halafu hakuna mvua mpaka Novemba, shina la kufaa ni lile linalobeba vyote viwili. Kisha wakati wa kuchuma naangalia tena, linatoa maua mangapi, yanafunguka pamoja au moja leo moja wiki ijayo, na vikonyo vinasimama au vinalala. Shina linalolala maua yanagusa tope yanaoza, na mchumaji anakuchukia. Lenye kamba zote hilo ndo mama.

Na umri. Shina la miaka miwili lina mizizi, usilishindanishe na kamche ka mwaka huu. Na kama kuna sehemu uliweka samadi nyingi au yuria karibu na kipupwe, yale yamekuwa laini kwa sababu ya mbolea sio kwa asili yake, usiyahukumu.

Fundi_Vipando

Kamwene wote. Niko Mufindi. Mama amemaliza upande wa kuchagua mi naongezea upande wa kupasua maana hapa watu wanahamisha ugonjwa wakidhani wanahamisha mbegu.

Mvua zikishakolea, ardhi imelowa vizuri, ndo unang'oa shina mama, usikate kwa jembe karibu, zunguka mbali kidogo ulitoe na udongo wake. Kung'uta. Likishakuwa tupu utaona kumbe sio mmea mmoja, ni vishina vingi vimeshikana kwenye shingo. Unavitenganisha kwa mkono, vinaachia vyenyewe ukivuta kwa kupinda, kisu tumia pale tu panapogoma. Kila kipando lazima kiwe na machipukizi mawili matatu na mizizi yake yenyewe, myeupe au ya rangi ya maziwa. Ile ya zamani myeusi iliyokauka kama kamba unaitupa. Majani yapunguze kwa juu ubaki na urefu wa vidole vinne hivi, ukiacha marefu yanakausha kipando kabla hakijashika.

Sasa hapo hapo kwenye mizizi ndo pa kusimama. Shika mizizi midogo upitishe kati ya vidole. Ukisikia vifundo vifundo, vidogo tu kama shanga, hiyo ni minyoo fundo, na lile shina zima acha, hata kama lina kamba za rangi zote za mama. Usiseme ntakata hiyo mizizi mibaya nipande iliyobaki, umeshaipeleka. Na shina lenye shingo imeoza, ukibonyeza inaingia na ina harufu, pia tupa, tena mbali na shamba sio pembeni.

Mmalila umesema jirani ana viazi. Wewe hiyo ekari mpya inatoka kwenye nini? Kama ilikuwa viazi mfululizo usiweke pareto moja kwa moja, minyoo fundo inayopenda baridi inakula vyote viwili. Pitisha ngano au shayiri kwanza, au hata uiache nyasi, minyoo hiyo haipati chakula kwenye jamii ya nyasi. Na pareto haitaki maji yasimame, huko Umalila udongo wenu mzuri ila kama pana kibonde inua matuta.

Chalii_Mwanjelwa

Nimepitia kichwa cha habari haraka haraka nikaona "inayovumilia barafu" afu ndani "sumu", "maua", "shina mama" nikajua wazee leo mmeamua kuzungumzia kile kijani kingine 😂😂 nikakaa vizuri na chai yangu. Kumbe pareto.

Mmalila_Juu

@Chalii 😂 hapana kaka, bangi ina sheria yake ya 2015 na miaka yake ya kulala ndani, mi nataka ada ya watoto. Ila kweli wanaolima kile sehemu zinazoruhusiwa duniani wanahangaika na haya haya, baridi, ukungu, na kitu kilichomo ndani ya ua.

@Mama shikamoo tena, umenifungua macho. Nimeenda jioni hii hii nikapiga magoti. Katika yale niliyoyaona ya kijani karibu nusu ni majani tupu hakuna kikonyo hata kimoja!! Yaani ningeyachukua yote. @Fundi ekari mpya ilikuwa viazi misimu miwili, kwaiyo hapo nimeumia tayari. Lakini bado sijaelewa kwa nini nisichukue mbegu, shina moja linatoa maua kibao kila ua lina mbegu kibao si ntapata ekari haraka?

Msomi_wa_Uyole

Hapa kwenye mbegu ngoja nichangie.

Ua la pareto halijizalishi lenyewe. Chavua ya shina lile lile hata ikianguka juu ya ua lake haifanyi kazi, na ya kipando ndugu yake aliyetoka kwenye shina moja pia haifanyi, maana kimsingi ni mmea ule ule. Lazima chavua itoke kwa shina jingine la asili nyingine, wadudu ndio wanaleta, nzi, nyuki, vile vimende vidogo. Maana yake mbegu ya shina lako bora mama unamjua, baba humjui. Baba anaweza kuwa lile lililoungua lote, au lile la maua matatu. Na ndo maana shamba la bibi liko vile, kila mbegu iliyoota ilikuwa mchanganyo mpya.

Ukipasua vipando unapata kitu kile kile bila mabadiliko. Faida kubwa hiyo. Hasara yake ni mbili. Moja, ukipanda ekari nzima kutoka shina moja, siku ugonjwa umelipata umepata ekari nzima, na pia hutapata mbegu ya kuota humo kwa sababu hakuna baba, ukizisugua mikononi ni maganda matupu. Maua ya kuuza utapata ila mbegu hapana. Mbili ni hesabu, na hapa samahani mkuu ntakukatisha tamaa kidogo. Nafasi ya kawaida ni sentimita 60 kwa 30. Ekari moja hapo inaingia mashina kama elfu 22. Shina zuri la umri ukilipasua kwa heshima linatoa vipando kumi hivi. Ukiwa na mama 30 una vipando 300. Mia tatu! Hiyo ni kitalu nyuma ya nyumba. Mwaka wa pili vipasue vyote unafika 3,000, mwaka wa tatu ndo unaongelea ekari. Kwaiyo ile ya mwezi wa 11 mwaka huu na mashina yaliyochaguliwa tu haipo, labda uchanganye na ya hivyo hivyo.

Chalii_Mwanjelwa

Daah miaka mitatu. Si bora alime parachichi tu kama Rungwe.

Mama wa Matamba

Parachichi kwenye barafu ya vile mwanangu? Mche mdogo unakufa usiku mmoja. Kila mahali na zao lake. Pareto inataka hiyo baridi, bila wiki mbili tatu za usiku wa baridi, chini ya nyuzi 16 hivi, haitoi vitumba vizuri, ukiishusha mahali pa joto inageuka majani. Ndio maana iko huku kwetu na kwenu Umalila haiko Kyela.

Msomi_wa_Uyole

Asante mama. Sasa kuna njia ya katikati kwa anayetaka haraka, nayo ni kumpa huyo mama baba anayeeleweka. Vile vipando 300 kutoka mama 30 tofauti vipande kwenye kitalu kimoja, mbali na shamba la bibi na mbali na mashamba ya majirani wenye pareto, weka nyumba au kichaka cha miti katikati ikiwezekana, na uvichanganye, usipange mstari mzima ndugu watupu. Vikichanua vinachavushana vyenyewe kwa vyenyewe, kwaiyo mbegu ya humo baba na mama wote walikuwa na kamba. Hazitakuwa sawa zote, zitatofautiana, ila kiwango cha chini kimeinuka. Acha maua yakauke juu ya shina mpaka kati iwe kahawia ndo uvune mbegu, na uzisie kitaluni nyingi kuliko unazohitaji maana hata hapo nyingi zinakuwa tupu. Inachukua miezi mitatu minne mpaka mche ufikie kuhamishwa.

Kama huna sehemu ya mbali, basi kwenye shamba la bibi lenyewe uchume maua ya mashina mabaya yote mapema kabla hayajafunguka, utapoteza uzito kidogo ila angani hakuna chavua yake. Ni kazi, lazima upite mara nyingi.

Chini ya mama 30 sikushauri, ukianza na watatu wanne unabana damu, na baada ya vizazi viwili mbegu zinaanza kugoma kwa sababu zimekuwa ndugu.

Fundi_Vipando

Mi na mbegu hatuelewani sana kusema ukweli. Miche ya mbegu nusu yake unakuja kuing'oa. Unalea mwaka mzima kitu cha kutupa.

Msomi_wa_Uyole

@Fundi kwa mkulima wa kuuza maua nakubali, kipando kinashinda. Lakini ukitaka kupata shina linalozidi lile ulilonalo leo utalitoa wapi kama sio kwenye mbegu? Kipando kinakupa kile kile milele. Shamba la bibi lina mashina yanayovumilia kwa sababu kuna mtu aliziacha mbegu zikaanguka.

Fundi_Vipando

Sawa hapo umenipata. Ila aanze na vipando, mbegu iwe pembeni kidogo kidogo.

Mmalila_Juu

Nimewaelewa wote, na hesabu ya 300 imenipiga kichwani ila bora kujua sasa. Swali langu la sumu halijajibiwa. Hapa kijijini kuna msimu mtu alipeleka magunia yake yamekauka vizuri meupe, akaambiwa kiwango kiko chini, jirani yake wa mpaka kwa mpaka akalipwa zaidi. Wengine wakasema mbegu, wengine wakasema mizani. Nitajuaje mashina yangu?

Mpima_Magunia

Hapo nimekaa miaka kwenye kituo cha kununulia, sio cha kampuni nitakayoitaja. Ntasema nilichokiona.

Sumu ya pareto haiko kwenye yale majani meupe ya ua. Iko kwenye kile cha njano katikati, na ndani yake hasa iko kwenye vile vimbegu vidogo chini. Kwaiyo ua kubwa lenye petali ndefu linakupa petali, umebeba karatasi. Ua la kati lenye kitovu kipana kilichoshiba ndo lenye mali. Jirani yako wa maua makubwa hapo kakosea.

Lakini kabla hujasingizia shina, singizia mkono wa kuchuma. Ua linapofunguka tazama kile cha njano, kinafunguka kwa mizunguko kutoka nje kuja ndani. Petali zikiwa zimelala bapa na mizunguko mitatu minne ya nje imefunguka, chuma. Ukichuma kitumba, vimbegu havijajaa. Ukiacha mpaka kati pote pamefunguka na petali zinaanguka, kiwango kinashuka tena. Watu wengi wanatuma watoto baada ya shule wanachuma kila kinachoonekana pamoja na vikonyo, kikonyo ni uzito usio na kitu, maabara inakigundua tu. Pita kila baada ya wiki mbili hivi, sio mara moja kwa mwezi.

Halafu kukausha. Maua mabichi ukiyarundika kwenye gunia usiku mmoja, asubuhi ingiza mkono katikati, ni moto. Hapo sumu inaondoka. Yasambaze siku hiyo hiyo, tabaka jembamba, juu ya kichanja au turubai sio chini kwenye vumbi, geuza. Ukitumia bani la moto, lile banda la kukaushia, lisipite nyuzi 50. Kilo nne mpaka tano mbichi zinabaki moja kavu, ukiona umepata zaidi ya hapo hujakausha, na yakirudi na unyevu gunia linavunda ndani. Ua likikauka sawasawa ukilisugua kile cha njano kinasambaratika chote mkononi. Na usiyahifadhi ukisubiri bei, yanapungua nguvu yakiwa stoo.

Hao majirani wawili wa mpaka kwa mpaka, mi naweka dau ni kuchuma na kukausha.

Sasa kuhusu shina. Ugumu na sumu havifungamani. Linaweza kuwa gumu la barafu na lisiwe na kitu, na linaweza kuwa na sumu nyingi na likafa. Kwa macho huwezi kujua, kwa harufu pia usidanganyike. Maua makavu ya kawaida yanacheza kati ya asilimia 1 na 2, na tofauti ya nusu asilimia inaonekana kwenye pesa, kwenye mkono haionekani. Kwaiyo ni kupima. Mama 30 kuwapima mmoja mmoja ni gharama, mi ningefanya mafungu. Yale yanayofanana, sema marefu yanayowahi kuchanua fungu moja, mafupi yaliyotoka bondeni fungu jingine, na kadhalika, mafungu matano sita. Chuma siku moja, hatua moja ya kufunguka, kausha mahali pamoja, andika. Usichume fungu moja leo na jingine wiki ijayo afu ulinganishe, hapo unapima hali ya hewa. Ulizia TARI Uyole, kile kituo cha utafiti wa kilimo, pareto ni kazi yao, wakuelekeze sampuli kiasi gani na inapimwa wapi, au kupitia AMCOS yenu, yaani chama chenu cha ushirika, mwombe kwa mnunuzi, kiwanda kiko Mafinga na vipimo wanavyo.

Fungu likitoka la chini kabisa mama zake waondoe hata kama wanavumilia barafu mpaka theluji. Unauza sumu, huuzi uvumilivu.

Mama wa Matamba

Mpima umesema vizuri ila hiyo ya mwisho sikubaliani nayo yote. Shina lenye sumu nyingi linalokosa vitumba kila Julai linakupa asilimia nzuri ya magunia mawili. Lenye sumu ya wastani linalosimama linakupa magunia sita. Zidisha. Mi ningeondoa ya chini kabisa tu, ya kati ningeyaacha kama yanazaa.

Mpima_Magunia

Mama shikamoo, hapo siwezi kubisha. Uzito mara asilimia, ndo sumu yenyewe kwa ekari. Aondoe ya mwisho tu.

Mmalila_Juu

Basi ntafanya hivi mnirekebishe. Kamba nyeupe nimeshafunga kwa yale yenye vitumba vizima, nimegawa shamba vipande, kile cha bondeni nimepata manne tu ila nimeyapenda sana, mafupi, majani yamebana chini na vikonyo vifupi vigumu. Mwezi wa 10 nyekundu. Maua yakija nachuma kwa mafungu kama alivyosema Mpima. Mvua zikikolea napasua yatakayobaki na kamba zote, naweka kitalu upande wa pili wa nyumba ambako kuna miti ya miwati katikati na hakuna pareto ya mtu. Ile ekari ya viazi naweka ngano.

Wasiwasi wangu ni mmoja, nikiyang'oa mama yote kupasua na vipando vikagoma, si nimepoteza vyote? Mvua ya huku ikikata wiki mbili mwezi wa 12 ni kawaida.

Fundi_Vipando

Usiyang'oe yote. Kila mama chimba upande mmoja tu, fukua udongo ubavuni mpaka uone shingo, chukua vishina vya ubavu huo, rudisha udongo ukanyagie vizuri. Utapata vipando vitano badala ya kumi ila mama anabaki amesimama pale pale, na barafu ya mwakani unamwangalia tena mahali ambapo tayari unamjua. Vipando vipande siku yenye mawingu au jioni, shingo iwe sawa na usawa wa udongo isizame, ikizama inaoza. Mvua ikikata mwagilia kwenye shina, na funika kwa nyasi kavu nyepesi, usizigusishe shingo.

Na hayo manne ya bondeni, hayo usiyachanganye kwenye fungu lolote la kupimwa. Yapime peke yake.

Mama wa Matamba

Manne ya bondeni mi ningeomba vipando viwili vitatu mwanangu, nikupe vya huku Matamba tubadilishane, ila nivipitishe mizizi mkononi kwanza kama Fundi alivyosema, na wewe vya kwangu uvipitishe hivyo hivyo usinionee aibu. Vikipona vitaongeza damu kwenye kitalu chako. Mvua zikikolea nitafute nikuelekeze basi la kuvituma, vinakaa siku mbili kwenye gunia lililoloweshwa bila shida.